Tuko 11, tumekubaliana wote kununua mashine ya pili. Kumbe hakuna aliyeitaka hata mmoja

#1 Gunia la Mashudu (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe mpangilio.

Sisi ni kikundi cha watu 11 hapa Dodoma, tunakamua alizeti. Tulianza na mashine moja, umeme wa fezi tatu tukavuta wenyewe, mafuta tunauza kwa dumu, mashudu wanachukua wafugaji wa kuku. Msimu ukichanganya, kuanzia Juni mpaka Agosti, tunakesha. Ikifika Novemba mashine inageuka kitanda cha paka kwa sababu mbegu hakuna. Hilo tunalijua wote, hata mtoto wa mlinzi analijua.

Mwaka jana mwezi wa tisa mwenyekiti akaleta hoja tununue mashine ya pili. Kikao kilichukua kama dakika 40. Akauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. Akauliza tena. Mmoja akasema ni wazo zuri, wa pili akaunga mkono, makofi. Muhtasari ukaandikwa "wajumbe wote kwa kauli moja".

Wiki mbili zilizopita tulikuwa msibani, nimekaa chini ya mwarobaini na wenzangu watatu wa kikundi. Mmoja akaanza kulalamika kwamba hela yetu imelala chini ya turubai. Wa pili akasema, "Mimi tangu siku ile sikuitaka, ila niliwaona ninyi mna moto." Wa tatu naye hivyo hivyo. Na mimi hivyo hivyo. Nikaanza kuuliza mmoja mmoja pembeni. Wamefika 9, na mimi wa kumi. Jana nikajikaza nikamfuata mwenyekiti mwenyewe. Akanitazama weee, akasema: "Nilileta ile hoja kwa sababu nilisikia mnanung'unika siwaletei maendeleo."

Swali langu: inakuwaje watu 11 wenye akili timamu wanaamua kitu ambacho hakuna anayekitaka? Na kwenye vikundi vyenu mnafanyaje?

#2 Kigoda cha Ihumwa
Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu.

#3 Mgogo wa Nkuhungu
Mbukwenyi. Mkuu, jibu ni fupi: mlimwogopa. Mwenyekiti ana umri gani?

#4 Gunia la Mashudu
Ana miaka 61, mimi nina 34. Na naomba hapo nisiseme zaidi.

#5 Mgogo wa Nkuhungu
Basi umeshajijibu. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima akiongea, unaitikia. Kumpinga mbele za watu ni kumvua nguo. Ukiwa na neno unakwenda kwake jioni, unabisha hodi, mnaongea habari za mvua, za mifugo, ndipo unagusia. Ninyi hamkwenda jioni. Mlisubiri mpaka mkutane msibani! Kosa si heshima, kosa ni kwamba mlichukua nusu ya utaratibu (kunyamaza kikaoni) mkaiacha nusu nyingine.

#6 MamaHisa
Huyo wa #5 ananichekesha. Kikundi chetu cha VICOBA (cha kuweka na kukopa) tupo 28, mimi ndiye mkubwa kuliko wote, na wananipinga kila Jumatano mpaka nakosa usingizi. Mwanangu mleta uzi, nikuulize swali moja tu. Hiyo hela ya mashine ilitoka wapi?

Nauliza kwa sababu kwetu sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Likifunguliwa kila mtu anaiona hisa yake pale ndani, noti yake aliyoitoa kwenye biashara ya vitumbua. Hapo hakuna anayenyamaza. Mtu akitaka kukopa laki tatu ataulizwa mpaka jina la mteja wake. Pesa ya jasho inaongea yenyewe.

#7 Gunia la Mashudu
Shikamoo mama. Sehemu kubwa ilikuwa ya mkopo. Akiba yetu tuliongezea kidogo.

#8 MamaHisa
Marahaba. Nilijua.

#9 Kigoda cha Ihumwa
Mama kafunga kesi kwa neno moja 😂

#10 Fukara Msomi
Haijafungwa. Hali hii ina jina kabisa kwenye elimu ya uongozi. Mwaka 1974 profesa mmoja Mmarekani, Jerry Harvey, aliandika kisa cha familia ya mkewe kule Texas. Wamekaa barazani jua kali, wanacheza dhumna, wametulia. Baba mkwe akasema, "Twendeni Abilene tukale." Mke wa Harvey akasema wazo zuri. Harvey akaitikia, mama mkwe naye akaitikia. Wakaingia kwenye gari lisilo na kiyoyozi, karibu kilomita 85 kwenda tu, vumbi, joto, chakula chenyewe kibaya. Wamerudi hoi baada ya muda wa saa nne, ndipo mama mkwe akasema yeye angependa kubaki nyumbani, alikwenda kwa sababu ya wenzake. Kumbe wote walikwenda kwa sababu ya wenzao. Baba mkwe alitoa wazo kwa kudhani wamechoka kukaa.

Hoja yake ni kwamba kikundi kinaweza kufa kwa kushindwa kumudu makubaliano, wala si ugomvi. Ninyi wote mlikubaliana tangu mwanzo, mlikubaliana kwamba mashine HAITAKIWI, ila hakuna aliyejua kwamba mmekubaliana.

#11 Gunia la Mashudu
Mkuu #10 hiyo ndiyo sisi! Mwenyekiti ndiye baba mkwe wa Texas.

#12 Mchuuzi wa Kibaigwa
Kilomita 85 ni kama utoke Dodoma mjini uende Kongwa kula chakula kibaya. Nawajua watu wanaofanya hivyo kila wiki, wanaita semina.

#13 Zege Halilali
Mimi ni fundi mwashi, nasimamia vijana kwenye majengo upande wa Mtumba. Naona mnachanganya mambo mawili, kuamua na kutekeleza.

Kwetu siku moja kabla ya kumwaga zege la slabu, tunakaa wote, mpaka saidia fundi aliyeanza jana. Nauliza hivi: "Kesho kitaharibika nini?" Siulizi kama kuna mwenye neno, maana hilo swali linajibiwa kwa kimya. Nauliza kitaharibika nini, na kila mtu lazima ataje kitu kimoja, namsonta kwa kidole. Kuna kijana aliwahi kusema "maji". Tukacheka. Tukaenda kuangalia, tenki lilikuwa robo. Lingetukatikia katikati ya slabu.

Ila kesho yake mchanganyiko ukianza kuzunguka, demokrasia imekwisha. Anaamua mtu mmoja, wengine wanakimbia na ndoo. Zege halilali. Ukimwona mtu anataka tujadili wakati zege linaganda, huyo mrudishe nyumbani na nauli yake.

Kwa hiyo mleta uzi, mwenyekiti wenu aliuliza swali baya. Hayo mengine yote ni maneno.

#14 Mgogo wa Nkuhungu
Zege, nakuheshimu, lakini saidia fundi hataji kasoro ya msimamizi wake. Atataja maji, hatasema "fundi, nondo zako umezipanga vibaya."

#15 Zege Halilali
Kweli. Hilo sijalipatia dawa.

#16 Mbunge wa Kijiweni
Mnashangaa nini na sisi ndio wenyeji wa Bunge? "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyoooo! "Wasioafiki waseme siyo." Mtu mmoja anakohoa. "Nafikiri walioafiki wameshinda." Dodoma tumeyapumua haya miaka yote, vikundi vyetu vimeambukizwa kwa hewa.

#17 Katibu Mstaafu
Mbunge wa Kijiweni, utani mzuri, ila Bunge lina kanuni za kuhesabu kura pia, si sauti tu. Vikundi vyetu ndivyo vilivyochukua sauti vikaacha kuhesabu.

Nimekuwa katibu wa chama cha ushirika miaka mingi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 imesimama palepale pa zamani: mwanachama mmoja, kura moja, hata uwe na hisa lukuki. Sasa nenda kwenye mikutano uone. Kura ni moja kwa kila mtu, lakini SAUTI ni za watu wanne. Nilikuwa naandika "wajumbe walijadili kwa kina" huku najua waliojadili ni wanne, wengine wanaangalia saa ya soda. Muhtasari wangu ukisomwa mwezi unaofuata, "je, ni sahihi?", wote "ni sahihi". Nimeandika uongo mwingi kwa mwandiko mzuri, Mungu anisamehe.

Ushauri: marufuku neno "kwa kauli moja" kwenye muhtasari. Andika idadi. Waliotaka wangapi, wasiotaka wangapi, walionyamaza wangapi. Hiyo safu ya tatu ndiyo itakayowatisha.

#18 Karanga Mbichi
Mnazungumzia mashine moja ya alizeti. Hapa hapa mkoani kwetu Kongwa Waingereza walipoteza mabilioni ya pauni kwa kikao kibaya! Baada ya uhuru wakaja kulima karanga, hakikutoka kitu.

#19 Fukara Msomi
Mkuu Karanga, nikusahihishe mawili. Haikuwa baada ya uhuru, ilikuwa 1947 mpaka 1951, enzi za mkoloni. Na si mabilioni, hasara inayotajwa ni kama pauni milioni 36. Kwa pesa ya wakati ule ni balaa tosha.

#20 Karanga Mbichi
Asante mkuu. Babu alikuwa anasema "mapesa yote ya malkia", nikajijazia mwenyewe.

#21 Mgogo wa Nkuhungu
Wakati huo alikuwa mfalme 😂 Lakini Kongwa ni mfano mkubwa, tusiupite haraka. Mwaka 1946 ilitumwa timu ya watu watatu kukagua ardhi, wiki tisa, sehemu kubwa wakiangalia kutoka kwenye ndege. Wakaandika inawezekana. Ekari zaidi ya milioni 3 zikapangwa, Tanganyika na nchi jirani. London ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, nani angethubutu kusema haiwezekani?

Udongo wa Kongwa mvua ikikata unakuwa kama tofali. Mizizi ya mibuyu ikavunja matrekta. Mvua yenyewe unaijua, mwaka huu ipo, mwaka ujao inakutazama tu. Na wazee walikuwepo! Watu waliopona njaa ya Mtunya, ile ya 1917 na kuendelea, walikuwa hai, wamekaa nje ya nyumba zao za tembe wanaona matrekta yanapita. Nani aliwauliza?

#22 Mchuuzi wa Kibaigwa
Kuongezea tu, haikuwa Kongwa peke yake, kulikuwa na Urambo na Nachingwea pia. Kongwa ndiyo walianzia.

Na sikubali kwamba hawakuwa na mjuzi. Kiongozi wa ile timu ya ukaguzi, Wakefield, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa hapa Tanganyika. Mtu aliijua nchi! Kwa hiyo ile hoja ya "wangeuliza wenyeji" inanipa shida. Walikuwa na mjuzi, na mjuzi naye akasema ndiyo. Kwa nini? Nadhani kwa sababu jibu lilikuwa limeshatakiwa. Mimi nauza mahindi, nikimleta dalali anipimie unyevu huku lori limeshawasha injini, dalali atasema yamekauka.

#23 Kigoda cha Ihumwa
"Lori limeshawasha injini." Naiba hii.

#24 Binti Miyuji
Mleta uzi, naona watu wamekwenda Uingereza na Texas. Nirudishe nyumbani. Kati ya hao 11 wanawake wangapi? Na nani anapika chai ya kikao?

#25 Gunia la Mashudu
Wanawake 4. Chai analeta mama mmoja jirani, si mwanachama, tunamlipa.

#26 Binti Miyuji
Na siku ya mashine, kati ya hao wanne aliongea nani?

#27 Gunia la Mashudu
...

#28 Binti Miyuji
Asante kwa jibu.

#29 Fundi Kamba
Tatizo ni wingi. Watu 11 ni wengi mno kuamua. Mjerumani mmoja Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, akakuta wakiwa 8 kila mmoja anatoa kama nusu tu ya nguvu aliyokuwa nayo akivuta peke yake. Kwa Kiswahili ni KUTEGEANA, tulishalijua kabla ya mzungu. Kila mmoja wenu alisema moyoni "atasema mwenzangu". Gaweni kamati ya watatu, waamue.

#30 Fukara Msomi
Ringelmann alikuwa Mfaransa, mhandisi wa kilimo, alichapisha 1913. Na yeye mwenyewe alidhani tatizo kubwa ni kutovuta kwa wakati mmoja, huyu anavuta yule anapumua, zaidi ya uvivu. Hiyo ya kutegeana ilikuja kupimwa 1974: wakamfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele, nyuma yake watu wanajifanya wanavuta kumbe hawavuti. Akidhani ana wenzake, akapunguza nguvu. Kwa hiyo yote mawili yapo.

Lakini kusema na kuvuta kamba ni vitu tofauti. Kamba ukilegeza hakuna anayekuona. Kikaoni ukisema wote wanakuona. Mleta uzi hakunyamaza kwa uvivu, alinyamaza kwa kuogopa kuonekana.

#31 Fundi Kamba
Nakubali Ufaransa, uvivu sikubali. Mtu mvivu wa kufikiri anaitwa "mnyenyekevu" siku hizi.

#32 Nesi wa Bahi
Nimesoma wote. Niongeze la kwetu. Chumba cha upasuaji kuna daktari mkubwa na kuna nesi aliyehitimu juzi, na anayemwona mgonjwa wa kushoto akitaka kuchanwa kulia mara nyingi ni yule wa juzi. Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya maswali 19, timu inasimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Na kila mmoja anataja jina lake na kazi yake kwa sauti. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, mojawapo hapa kwetu Ifakara, matokeo yakatoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8.

Mimi ninachoamini ni lile la kutaja jina. Mtu akishafungua mdomo mara moja, mara ya pili ni rahisi. Asiyesema chochote nusu saa ya kwanza hatasema mpaka kikao kiishe. Kwenye kikundi chenu anzeni kwa kila mtu kusema kitu, hata bei ya nyanya.

#33 Mwalimu Mkonze
Dada Nesi, hongera, ila ile orodha walipoipeleka hospitali zaidi ya 100 za jimbo la Ontario kule Kanada hawakuona tofauti ya maana, matokeo ya 2014. Kule watu waliambiwa wajaze, wakajaza. Karatasi ikishakuwa ya kujaza inakufa. Kama lesoni plani zetu, mkaguzi akija zote safi.

#34 Nesi wa Bahi
Ni kweli kwamba tiki zinawekwa na mgonjwa ameshalala. Nimeona kwa macho yangu, sehemu sitaji.

#35 Mbunge wa Kijiweni
Na makao makuu je? TANU iliamua 1973 tuhamie Dodoma. Tangazo la kuhama kweli kweli limekuja 2016. Miaka 43! Wote walipiga makofi, hakuna aliyefunga mizigo. Mleta uzi mashine yako ina mwaka mmoja tu, tulia.

#36 Katibu Mstaafu
Hapo si suala la kunyamaza, Mbunge. CDA, mamlaka ya kuujenga mji mkuu, iliundwa mwaka ule ule wa 1973, watu walipewa kazi na wakaifanya, barabara zikapimwa, miti ikapandwa. Pesa ndiyo iliyokatika. Bei ya mafuta ilipanda, ukaja ukame, ikaja vita ya Kagera 1978. Usichanganye uamuzi mbaya na uamuzi uliokosa hela.

#37 Mgogo wa Nkuhungu
Mzee wangu Katibu, hela ilikosekana, sawa. Na waliokuwa na nyumba Oysterbay kule Dar walikosa hamu. Vyote viwili.

#38 Kigoda cha Ihumwa
Miaka hiyo wangeambiwa kuna mlenda wa kukausha wangehama siku hiyo hiyo.

#39 Binti Miyuji
Na nani kakudanganya watu wa Pwani wanajua mlenda 😂

#40 Kigoda cha Ihumwa
Ndiyo maana ilichukua miaka 43.

#41 Fukara Msomi
Turudi kwenye mada. Njia ninayoiamini ni karatasi kabla ya mdomo. Mwaka 1906 kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe dume akishachinjwa. Francis Galton akazichukua kadi 787 akazipanga kutoka ndogo mpaka kubwa. Kadi ya katikati ilisema ratili 1,207. Ng'ombe alipopimwa, 1,198. Wachinjaji walikuwepo, na watu wa kawaida walikuwepo. Siri ni kwamba kila mtu aliandika yake kabla hajasikia ya mwenzake. Wangekisia kwa kupokezana kipaza sauti, wa kwanza angewavuta wote.

#42 Mchuuzi wa Kibaigwa
Hiyo inafaa ng'ombe kwa sababu ng'ombe yupo mbele ya macho. Njoo kwenye mazao. Wote tunasikia uvumi mmoja, "Desemba bei itapanda", kutoka kundi moja la WhatsApp. Hapo andika karatasi 787 au 7,000, zitakuwa ni karatasi moja iliyonakiliwa. Nimewahi kuweka gunia stoo na wenzangu saba, kila mmoja aliamua "peke yake". Wadudu walitufundisha.

#43 Zege Halilali
Nenda mnada wa Msalato uone watu wanavyokisia uzito wa ng'ombe kwa kumpapasa mgongo. Dalali hata kalamu hana.

#44 Mchuuzi wa Kibaigwa
Na anakupiga vizuri tu.

#45 MamaHisa
Mimi bado nipo pale pale. Ingekuwa hela yenu ya mfukoni, mngeongea bila karatasi, bila orodha, bila Texas. Wale wanawake wanne wangeongea, na yule mzee angeongea. Ninyi mlikuwa mnagawana kitu cha bure mkaogopa kumkera anayekigawa. Na mkopo si bure, hilo mtalikumbuka kwenye marejesho.

#46 Mwalimu Mkonze
Mama, walimu tuna michango ya mfukoni kabisa na tunanyamaza vizuri tu. Juzi tumechangia sare za kitenge ambazo hakuna mwalimu anayezipenda. Rangi ya ugoro.

#47 Gunia la Mashudu
Wakuu, nawashukuru. Kuna jambo nililificha kwenye #4. Mwenyekiti ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Ndiye aliyenisomesha. Ninyi mkisema "ungempinga", mimi namwona mtu aliyeuza mbuzi wawili nikaingia fomu one.

#48 Mgogo wa Nkuhungu
Sasa ndiyo unaleta maelezo. Uzi mzima tumepiga ramli.

#49 Binti Miyuji
Na wengine tisa? Wote ni wapwa zake?

#50 Gunia la Mashudu
Wawili ni ndugu. Wengine hapana. Kwa hiyo swali lako bado liko palepale, na linaniuma.

#51 Katibu Mstaafu
Kijana, nenda jioni kama alivyosema #5, mweleze mjomba wako kwamba na ninyi hamkuitaka. Atapumua. Amebeba ile mashine peke yake mwaka mzima akidhani anawafurahisha.

#52 Gunia la Mashudu
Nimekwenda. Tumekubaliana kikao kijacho tuanze na karatasi. Nitaleta mrejesho.

*(Siku 19 baadaye)*

#53 Gunia la Mashudu
Mrejesho.

Kikao kilikuwa Jumapili. Tulianza kwa kila mtu kutaja jina na kusema bei ya nyanya, asante dada Nesi, ilichekesha na kweli mabubu waliongea. Halafu nikatumia swali la Zege: mashine ikibaki, msimu ujao kitaharibika nini? Tumekaa saa mbili na nusu. Dada mmoja ambaye sijawahi kumsikia kikaoni alitoa daftari, ameandika siku zote mashine ya pili ilizowaka tangu inunuliwe. Siku 23. Hakuna aliyejua kwamba anaandika.

Ila kuna wawili wamebadilika! Wanasema sasa hawataki iuzwe, kwa sababu ya kwanza imeanza kusumbua shafti na mafundi ni shida. Hoja yao ina uzito. Kwa hiyo ile "hakuna anayeitaka" niliyowaandikia hapo juu si kweli tena, sijui kama ilikuwa kweli.

Tukapiga kura ya karatasi: iuzwe au ibaki. Katibu kagawa, kakusanya kwenye kofia, kahesabu mbele yetu. Iuzwe 7. Ibaki 4. Iliyoharibika 1.

#54 Kigoda cha Ihumwa
7 na 4 na 1... mkuu si mko 11?

#55 Gunia la Mashudu
Ndiyo. Tukahesabu mara tatu. Mjomba akaanza kuwa mkali, nani kapiga mara mbili. Kumbe katibu alimpa karatasi na yule mama wa chai, alikuwa amekaa pale kwenye benchi na sisi, akajua ni za wote. Iliyoharibika ni yake. Hakuandika iuzwe wala ibaki, aliandika: "mnanilipa lini sukari ya mwezi wa nane mimi ndio nawadai".

#56 Binti Miyuji
😂😂😂 Mlipeni mama wa watu!

#57 MamaHisa
Huyo mngemweka mweka hazina.

#58 Katibu Mstaafu
Muhtasari umeandikaje hiyo kura ya kumi na mbili?

#59 Gunia la Mashudu
"Moja iliharibika." Nilitaka aandike yote, mjomba kakataa.

#60 Mwalimu Mkonze
Na sukari?

#61 Gunia la Mashudu
Kalipwa pale pale, 14,000. Ndiyo kitu pekee kilichotekelezwa siku ile ile.

#62 Alizeti ya Manyoni
Habari wakuu, nimeingia leo. Hiyo mashine ya pili mnaiuza bei gani, na inakamua gunia ngapi kwa saa? Sisi huku tuko 9, wote tumekubaliana.